Mjadala: Je, kiasi cha kumwachia mchezaji kiwekwe hadharani?

Kiungo Mkabaji

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili hadi tulimalize. Julai 2025 Tottenham walipeleka ofa ya pauni milioni 60 kwa Nottingham Forest wakimtaka Morgan Gibbs-White, na kiasi hicho kilitajwa kuwa ndicho kilichoandikwa katika mkataba wake kama kiwango cha kuachiwa. Badala ya karatasi kusainiwa, Forest walikuja juu. Walidai kwamba kiasi hicho kilikuwa siri, kwamba siri imevuja, na kwamba mchezaji wao alifuatwa bila ruhusa yao, wakaanza kuzungumzia hatua za kisheria. Uhamisho ukasimama, na kabla mwezi haujaisha mchezaji akawa amesaini mkataba mpya na Forest hadi 2028.

Sasa niambieni: kiwango cha kuachiwa kina faida gani ikiwa anayepaswa kukilipa haruhusiwi kukijua? Mlango ambao mahali pa ufunguo wake ni siri si mlango, ni ukuta uliopakwa rangi ya mlango. Mimi nashauri kila kiwango kisajiliwe kwa wasimamizi wa ligi na kitangazwe, ili mwenye fedha alipe na mchezaji aende zake.

Pasi Ndefu

Ndugu Kiungo, umeleta hoja nzuri lakini umesahau kuangalia kule ambako viwango hivi hutajwa waziwazi. Hispania kila mtu anajua kiasi cha kila mchezaji, na matokeo yake ni nini? Barcelona walidhani euro milioni 222 za Neymar ni ukuta wa boma, na Paris Saint-Germain wakaulipia kama mtu anayelipia maegesho. Tangu hapo klabu kubwa zimekimbilia tarakimu za kuchekesha: Pedri, Gavi na Lamine Yamal wote wamewekewa euro bilioni moja. Hicho si kiwango cha kuachiwa, ni tangazo la kwamba mchezaji haachiwi. Ukilazimisha kila klabu kutangaza, kila klabu itaandika bilioni, na mchezaji wa kawaida ndiye atakayefungiwa ndani.

Siri ina heshima yake. Inawafanya watu wazungumze kwanza. Bila mazungumzo tutarudi kwenye vituko kama kile cha Arsenal mwaka 2013, walipopeleka kwa Liverpool ofa ya pauni milioni 40 na pauni moja wakimtaka Luis Suárez, kana kwamba wanamnunulia mtoto peremende na kusubiri chenji.

Mzee wa Benchi

Nimesoma hadi neno "kituko" nikaweka miwani chini. Ndugu Pasi Ndefu, ile pauni moja haikuwa mzaha wala dharau. Kipengele cha mkataba wa Suárez kilihusu ofa inayozidi pauni milioni 40, na ofa ya milioni 40 kamili haizidi milioni 40. Sasa ulitaka waongeze nini, milioni tano za adabu? Mtu anayesoma mkataba na kufanya kile ulichoandika anaitwa makini, haitwi mwenye kituko. Aliyestahili kuchekwa ni yule aliyetia saini kipengele na siku ya kukitekeleza akajifanya hakioni.

Winga wa Kushoto

Mzee wangu, kusoma mkataba ni pamoja na kuumaliza. Kipengele kile, kwa jinsi kilivyoelezwa wakati ule, hakikuwalazimisha Liverpool kuuza. Kiliwataka wakae mezani kwa nia njema ofa ya kiasi hicho ikifika. Hata chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, ambacho kazi yake ni kumtetea mchezaji, kilikitazama kwa namna hiyo. Arsenal walibisha hodi, mwenye nyumba akachungulia dirishani akasema hapana. Kubisha hodi kwa pauni moja ya ziada hakukupi haki ya kulala sebuleni.

Mzee wa Benchi

Na mwenye nyumba huyohuyo alisema nini baadaye? Mwaka 2014, katika mkutano wa takwimu za michezo huko Boston, John Henry alikiri mbele za watu kwamba Suárez alikuwa na kipengele, kwamba kulikuwa na klabu iliyokifikia, na kwamba wao waliamua tu kutouza. Hayo ni maneno ya mmiliki mwenyewe, hayakutoka kwa shabiki wa Arsenal mwenye kinyongo. Ahadi ni deni, mwanangu, na deni halifutiki kwa mdai kuleta pauni moja zaidi.

Wakili wa Kijiweni

Mnachanganya vitu viwili na kuvipa jina moja, kisha mnagombana kwa sababu kila mmoja ameshika chake. Naomba niwatenganishie, na mwenye haraka aniruke.

Hispania kipengele hiki kina mizizi katika sheria. Amri ya Kifalme namba 1006 ya mwaka 1985, katika ibara ya 16, inampa mwanamichezo wa kulipwa haki ya kuvunja mkataba wake kwa kulipa fidia, na ndiyo sababu klabu huandika kiasi cha fidia hiyo mapema, kwani zisipoandika zitaachia mahakama ipange. Maana yake ni kwamba kisheria anayelipa ni mchezaji mwenyewe, ananunua uhuru wake, hata kama kila mtu anajua fedha zimetoka kwa klabu inayomtaka. Tarehe 3 Agosti 2017 mawakili wa Neymar walikwenda na malipo katika ofisi za La Liga jijini Madrid, La Liga ikakataa kuyapokea, nao wakayapeleka kwa klabu ya Barcelona siku hiyohiyo. Barcelona hawakuulizwa kama wanaridhika. Athletic Bilbao nao hawakuulizwa mwaka 2012, Bayern walipoweka euro milioni 40 za Javi Martínez.

Uingereza hakuna sheria ya namna hiyo. Kuna maneno mliyokubaliana tu, na maneno yanaweza kusema chochote: klabu itauza, klabu itazungumza, klabu itamjulisha mchezaji, klabu itauza ikishuka daraja. Kwa hiyo suala la Suárez na suala la Neymar ni mbuzi na mbwa, ingawa wote wana miguu minne.

Na kwa wanaodhani tarakimu ndani ya mkataba inatosha, someni kesi ya Matuzalém. Mkataba wake na Shakhtar Donetsk ulisema kwamba klabu ikipata ofa ya euro milioni 25 au zaidi, itampangia uhamisho. Mwaka 2007 akaondoka bila ridhaa yao akajiunga na Zaragoza, nao Shakhtar wakadai milioni 25 zao. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, mwaka 2009 ilisema tarakimu ile ilihusu klabu kuuza, haikuwa bei ya mchezaji kujiondokea. Ikapiga hesabu yake yenyewe na kufikia kama euro milioni 11.9, chini ya nusu ya kilichodaiwa. Tarakimu ileile, mkataba uleule, maana mbili. Kabla hamjapiga kelele juu ya kutangaza viwango, ulizeni kwanza mnatangaza kitu gani.

Mzee wa Benchi

Wakili, nakuheshimu, lakini mimi sikuchanganya kitu. Nilianza kufuatilia usajili kabla ya kesi ya Bosman, wakati mchezaji aliyemaliza mkataba wake bado alidaiwa ada kama kreti ya chupa. Usiniweke kwenye kapu moja na wasioona tofauti ya mbuzi na mbwa.

Wakili wa Kijiweni

Mzee wangu, kapu nililianika wazi, wewe ndiye uliyeingia. Nilidhani mtanijibu kuhusu Matuzalém.

Bi. Kipenga

Wanaume wazima mmeshikana mashati kwa pauni moja. Hebu tuulize aliyedhulumiwa ni nani hasa. Suárez alibaki Liverpool, akafunga mabao 31 katika ligi msimu wa 2013/14, timu ikamaliza ya pili, akasaini mkataba mpya Desemba 2013, na kiangazi kilichofuata akaenda Barcelona. Kama hiyo ni dhuluma, wapo wachezaji wengi wangependa kudhulumiwa kidogo. Aliyepoteza ni Arsenal, na Arsenal hawakuwa sehemu ya mkataba ule hata kidogo. Mtu asiyetia saini anadai haki gani?

Mnaotaka mfano wa kipengele kilicholeta ugomvi wa kweli, mchukueni Griezmann. Kiwango chake pale Atlético Madrid kilikuwa euro milioni 200 hadi tarehe 1 Julai 2019, kisha kikashuka hadi milioni 120. Barcelona wakasubiri tarehe, wakalipa 120, na Atlético wakasema mmeshapatana naye mapema wakati bei ikiwa 200, tupeni 80 zilizobaki. Huo ni ugomvi wenye uzito. Kama kumbukumbu yangu ni sahihi, Barcelona waliishia kutozwa faini ya euro 3,000.

Winga wa Kushoto

Euro 300, dada yangu. Mia tatu. Umewaongezea sifuri na utawafilisi.

Bi. Kipenga

Nakubali kusahihishwa, na usahihisho wako unaipa hoja yangu nguvu zaidi. Mtu anayedaiwa milioni 80 akatozwa mia tatu hatakuwa na sababu ya kuogopa kurudia.

Pasi Ndefu

Nami narudi kwa Mzee wa Benchi, maana ameniita asiyejua kusoma mkataba.

Mzee wa Benchi

Sikukuita hivyo. Nilisema aliyeita ile pauni kituko hakuusoma. Kama kofia imekutosha, ivae.

Pasi Ndefu

Basi nimeivaa. Nami nasema tena kwamba ofa ina maneno na ina sauti. Unaweza kutimiza maneno na ukaharibu sauti. Arsenal wangepeleka pauni milioni 45, Liverpool wangekuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini hawakai mezani. Walipopeleka pauni moja ya ziada, walimwambia muuzaji kwamba tumeiona karatasi yako ya siri, na hatutakupa hata senti juu yake. John Henry akauliza hadharani hao watu wa Emirates, yaani Arsenal, wanavuta nini. Hapo mazungumzo yakafa. Hiyo ndiyo hasara ya kila mtu kujua tarakimu, na ndiyo hoja niliyoanza nayo kabla hamjanikatiza.

Kiungo Mkabaji

Mimi ndiye niliyeuliza swali, na swali halikuwa la pauni moja. Nililiuliza kuhusu Gibbs-White. Ila kwa kuwa Ndugu Pasi amefika karibu, nimjibu hapohapo: ikiwa tatizo la 2013 lilikuwa kwamba Arsenal waliijua tarakimu bila kuyajua maneno, basi dawa ni kutangaza maneno pia. Siri nusu ni mbaya kuliko siri nzima na kuliko uwazi mzima. Wote wawili, Arsenal na Tottenham, walipata tarakimu kwa mlango wa nyuma. Mmoja akaambiwa umesoma vibaya, mwingine akaambiwa umesoma kisichokuhusu. Wakati huohuo, katika dirisha hilohilo la usajili la 2025, Manchester United walilipa kiwango cha kuachiwa cha Matheus Cunha, pauni milioni 62.5, kwa Wolves, na Real Madrid wakalipa cha Dean Huijsen, milioni 50, kwa Bournemouth, na hakuna aliyemshtaki mwenzake kwa kujua. Sioni sheria hapo. Naona tu kwamba klabu fulani ilikasirika na nyingine haikukasirika.

Winga wa Kushoto

Hapo umesema kweli, na inaniuma kukiri. Lakini uwazi haukumsaidia hata Messi. Mwaka 2020, kila mtu alijua kwamba mkataba wake una kiwango cha euro bilioni moja, na

Bi. Kipenga

Milioni 700. Leo ni zamu yangu ya kurudisha.

Winga wa Kushoto

Milioni 700, ahsante. Kila mtu alijua hilo, na kila mtu alijua pia kwamba kulikuwa na kipengele kingine kinachomruhusu kuondoka bure mwishoni mwa msimu. Ugomvi haukutokana na siri, ulitokana na kalenda. Klabu ilisema haki hiyo ilikwisha tarehe 10 Juni. Upande wake ulisema msimu wenyewe, kwa sababu ya korona, ulisogea hadi Agosti, kwa hiyo mwisho wa msimu nao umesogea. La Liga ikasimama na klabu. Tarehe 4 Septemba Messi akatangaza kwamba anabaki, kwa kuwa njia nyingine ilikuwa kuishtaki klabu iliyomlea. Mchezaji bora wa kizazi chake, mwenye mawakili wa kila aina, akashindwa na tarehe.

Wakili wa Kijiweni

Hukusikia hata mmoja akihoji maana ya neno "msimu" siku ya kusaini, na ndivyo ilivyo siku zote. Walioandika tarehe ile walikuwa na picha ya msimu unaokwisha Mei, na kwa miaka yote picha hiyo ilikuwa sahihi. Bado nasubiri mtu aniguse kuhusu Matuzalém.

Namba Kumi

Nimekuwa nikisoma kimya. Mnazungumza kana kwamba kuna klabu mbili tu na tarakimu katikati. Mchezaji yuko wapi? Desemba 2022 Feisal Salum aliweka fedha katika akaunti ya Yanga akiamini kwamba amenunua mkataba wake kwa kiasi kilichoandikwa. Klabu ikamrudishia fedha zake, na kamati ya shirikisho ikaamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Suala likavuta miezi, hadi Rais wa nchi akaiomba klabu ilimalize, ndipo Juni akauzwa Azam. Hapo tarakimu ilijulikana, fedha zilikuwapo, na mlipaji alikuwa mchezaji mwenyewe. Kama hakuachiwa, uwazi wa Ndugu Kiungo ungemsaidia nini? Swali la kweli ni kama mchezaji ana haki ya kujinunua au hana.

Kiungo Mkabaji

Hilo ni swali lingine kabisa.

Namba Kumi

Ndilo swali lenyewe, umelivalisha nguo nyingine tu.

Wakili wa Kijiweni

Namba Kumi karibu, umechelewa lakini umekuja na mzigo. Kwa kanuni za FIFA jibu lipo nusunusu. Ibara ya 17 ya kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji inasema anayevunja mkataba bila sababu ya haki atalipa fidia, na akivunja ndani ya kipindi cha ulinzi atafungiwa pia. Kipindi hicho ni miaka mitatu kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, na miwili kwa aliyesaini baada ya hapo. Andy Webster alisubiri kipindi kiishe, akaondoka Hearts mwaka 2006 kwenda Wigan, na mwaka 2008 CAS ikapanga fidia ya pauni 150,000, yaani thamani iliyobaki ya mkataba wake. Watu wakasema soko limekufa. Mwaka uliofuata ikaja ile kesi ninayowaimbia tangu asubuhi, na fidia ikarudi kuwa ya mamilioni. Kisha tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Lassana Diarra, ikaona kwamba baadhi ya kanuni hizo zinapingana na sheria za Umoja, na FIFA ikalazimika kuzifanyia marekebisho ya muda. Kwa hiyo mchezaji anaweza kuondoka. Asichokijua ni bei, hadi ameshaondoka.

Mzee wa Benchi

Ndiyo maana watu wenye busara huandika bei mapema, kama kwa Suárez.

Winga wa Kushoto

Mzee wangu, umerudi kwa pauni yako.

Mzee wa Benchi

Sijaondoka. Na kwa kuwa Wakili anapenda maneno, naomba tufanye hivi: mimi nitaandika kipengele ambacho Liverpool wasingeweza kukikwepa, ninyi mtafute tundu. Kinasema: "Klabu ikipokea ofa inayozidi pauni milioni 40, itamuuza mchezaji kwa klabu iliyotoa ofa hiyo." Neno ni "itamuuza". Hakuna kuzungumza, hakuna nia njema.

Winga wa Kushoto

Fedha zilipwe kwa mkupuo au kwa awamu? Januari 2023 kiwango cha Enzo Fernández pale Benfica kilikuwa euro milioni 120. Chelsea walikuwa na nia ya kulipa kiasi hicho, lakini kidogokidogo, na jambo hilo peke yake lilikula karibu mwezi mzima, hadi wakapatana milioni 121 kwa awamu siku ya mwisho ya dirisha.

Mzee wa Benchi

Ongeza "kwa mkupuo".

Pasi Ndefu

Ofa ije kutoka klabu yoyote? Hata ile mnayogombania nayo nafasi ya nne?

Mzee wa Benchi

Yoyote. Ongeza "yoyote".

Bi. Kipenga

Hadi tarehe gani? Maana ukiniachia mimi kocha, ofa hiyo itafika saa mbili kabla dirisha halijafungwa, na nitabaki bila mshambuliaji.

Mzee wa Benchi

Hadi tarehe 31 Julai.

Wakili wa Kijiweni

Ya mwaka gani, mzee wangu? Na ofa ikipokewa tarehe 31 usiku, fedha zikaingia tarehe 1?